Nyumba Yako, Kiwanja cha Mwingine

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima

 

Leo tutazungumza juu ya kuunda chama cha wakazi. Chama tunachokisema si cha hapa kwetu. Ni cha watu wa Uingereza wanaokaa katika nyumba za kuhamishika. Najua mtasema, "Uingereza ni mbali, mambo ya huko yanatuhusu nini?" Hilo ni swali zuri. Tunawaomba mvumilie kidogo. Mtaona wenyewe kuwa nguvu ya watu hawa haitoki katika kelele, wala haitoki katika mali. Inatoka katika daftari, kalamu na barua. Na vitu hivyo sisi sote sasa tunavijua.

NYUMBA HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Nyumba ya kuhamishika hutengenezwa kiwandani. Huletwa kwa gari kubwa, ikiwa nzima au ikiwa vipande viwili. Vipande hivyo huunganishwa mahali nyumba itakapokaa. Sheria inasema nyumba hiyo isizidi mita 20 kwa urefu, wala mita 6.8 kwa upana. Ndani yake mna vyumba vya kulala, jiko, choo na bafu. Ni nyumba kamili, ila ni ndogo.

Inaitwa ya kuhamishika, lakini ikishawekwa, kwa kawaida hukaa palepale miaka na miaka. Kuihamisha ni gharama kubwa. Tena, ukiihamisha utaipeleka wapi? Kiwanja kingine hakipatikani kwa urahisi.

Nyumba hizi huwekwa pamoja katika eneo moja. Eneo moja laweza kuwa na nyumba kumi, jingine hamsini, jingine mia na zaidi. Huko England tu kuna maeneo kama 2,000 ya namna hii, yenye nyumba zaidi ya 80,000. Kila eneo lina mwenyewe. Ardhi ni yake. Barabara za ndani ni zake. Mkazi amenunua nyumba tu, kiwanja hakukinunua. Kiwanja anakilipia kodi, mara nyingi kila mwezi.

Wakazi wengi ni wazee waliokwisha kustaafu. Wako waliouza nyumba kubwa ya matofali, wakanunua hii ndogo, ili wabaki na akiba ya uzeeni. Kwa hiyo nyumba hii ndiyo mali yao, na ndiyo tegemeo lao.

UGUMU UKO WAPI?

Sasa hebu tufikiri pamoja. Mtu aliyepanga chumba akikosana na mwenye nyumba, hufanya nini? Hufunga mizigo yake, akatafuta chumba kwingine. Lakini huyu mkazi wa nyumba ya kuhamishika hawezi kufanya hivyo. Nyumba ni yake, ardhi ni ya mwingine. Akiondoka anaacha mali yake. Akibaki, yuko mkononi mwa mwenye eneo.

Wako wenye maeneo wanaoendesha mambo kwa haki. Hao hatuna ugomvi nao. Lakini wako na wengine. Mwaka 2012 kamati moja ya Bunge la Uingereza ilichunguza jambo hili. Ikaona kuwa maovu yameenea katika maeneo mengi.

Tutataja ovu moja tu. Zamani, mkazi akitaka kuuza nyumba yake, ilikuwa lazima mwenye eneo amkubali mnunuzi. Basi mwenye eneo mwenye tamaa alifanyaje? Alimkataa mnunuzi, au alimtisha mpaka akakimbia. Mnunuzi wa pili naye hivyo hivyo. Mzee wa watu akabaki na nyumba isiyouzika. Mwisho mwenye eneo akaja mwenyewe: "Mimi nitakusaidia, nitainunua." Akainunua kwa bei ya kutupa. Kisha akaiondoa, akaweka mpya pale pale, akaiuza kwa fedha nyingi. Kumbe msaada wenyewe ulikuwa mtego!

SHERIA INASEMAJE?

Serikali haikunyamaza. Iko Sheria ya Nyumba za Kuhamishika ya mwaka 1983. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kuitia nguvu. Aliyepeleka mswada huo Bungeni ni mbunge mmoja, Peter Aldous. Tutakayoyasema hapa ni ya England. Wales na Scotland wana taratibu zao.

Siku hizi mambo yako hivi:

Kwanza, mwenye eneo hawezi tena kumkataa mnunuzi kwa neno lake tu. Ila nyumba ikiuzwa, anaruhusiwa kupata sehemu ya bei, isiyozidi asilimia 10. Nyumba ikiuzwa pauni 100,000, yeye aweza kuchukua mpaka pauni 10,000. Bado ni fedha nyingi, na wakazi wengi wanalalamika.

Pili, mkazi hawezi kufukuzwa bila amri ya mahakama. Mwenye eneo akimtoa mtu kwa nguvu, au akimsumbua ili aondoke, ametenda kosa la jinai.

Tatu, kodi ya kiwanja hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka. Mwenye eneo lazima atoe taarifa kwa maandishi, si chini ya siku 28 kabla. Kodi hufuata kipimo cha serikali cha kupanda kwa bei za vitu. Tangu tarehe 2 Julai 2023 kinatumika kipimo kingine, ambacho kwa kawaida hupanda polepole kuliko kile cha zamani.

Nne, mkazi asipokubali kodi mpya, anaendelea kulipa ile ya zamani. Mwenye eneo akitaka zaidi, aende kwenye baraza la sheria linaloamua migogoro ya nyumba. Mkazi aweza kujieleza mbele ya baraza hilo hata bila wakili.

Mnaona? Sheria ipo, tena ni nzuri. Lakini sheria ni kama jembe. Jembe lililotundikwa ukutani halilimi shamba. Bibi kizee wa miaka themanini, anayekaa peke yake, ataanzaje kupambana na mwenye eneo ambaye anakutana naye kila asubuhi? Ataogopa. Atasema, "Acha nilipe tu, nife kwa amani." Na jirani yake naye anasema hivyo hivyo ndani ya nyumba yake. Kila mtu anadhani yuko peke yake. Ndiyo maana wanahitaji chama.

CHAMA KINACHOTAMBULIWA

Watu wowote wanaweza kukutana, wakakiita kikundi chao chama. Hakuna anayewakataza. Lakini sheria imeweka masharti kwa chama ambacho mwenye eneo analazimika kukisikiliza. Tuyasome moja moja, kwani kila sharti lina maana yake.

1. Chama kiwakilishe wakazi wa eneo hilo. Angalau nusu ya wakazi wawe wanachama. Katika hesabu hii kila nyumba huhesabiwa kuwa na mkazi mmoja. Tuseme eneo lina nyumba 60. Basi nyumba 30 lazima ziwe ndani ya chama. Zikiwa 29, hakijatimia.

2. Mwenye eneo hawezi kuwa mwanachama. Wakala wake hawezi, wala mfanyakazi wake. Maana yake ni nini? Chui hawekwi kuwa mlinzi wa mbuzi.

3. Mlango uwe wazi kwa kila mkazi mwenye nyumba pale. Chama hakiwezi kusema, "Huyu hatumtaki, ana kiburi."

4. Kiwe na orodha ya wanachama, pamoja na katiba na kanuni zake. Vyote hivyo viwe wazi kwa anayetaka kuvikagua.

5. Kiwe na mwenyekiti, katibu na mtunza fedha. Wote watatu wachaguliwe na wanachama, na wawe wanachama.

6. Mambo yaamuliwe kwa kura. Nyumba moja, kura moja. Mume na mke hawapigi kura mbili. Mambo madogo ya kila siku tu ndiyo wanayoweza kuamua viongozi wenyewe.

7. Mwenye eneo amwandikie katibu barua ya kukitambua chama. Akikataa, chama kinaweza kwenda kwenye baraza kuomba amri.

Sasa tuulizane. Katika masharti haya saba, ni mangapi yanayohitaji maandishi? Orodha ni maandishi. Katiba ni maandishi. Kura huandikwa. Kutambuliwa ni barua. Sheria haikuuliza nani ana sauti kubwa. Haikuuliza nani ana fedha. Imeuliza: daftari lenu liko wapi?

WANAANZAJE?

Kazi huanza na watu wawili au watatu wanaoaminiana. Hao huzunguka mlango kwa mlango. Hawaanzi kwa matusi juu ya mwenye eneo. Wanaanza kwa kuuliza: "Wewe una shida gani? Maji? Taa? Kodi?" Wanaandika. Wakimaliza nyumba zote, wanajua ni shida gani inawagusa wengi. Hiyo ndiyo itakayowakusanya watu.

Kisha huandika tangazo la mkutano: siku, saa, mahali, na jambo la kuzungumzia. Hulipeleka kila nyumba, hata kwa yule anayejulikana kuwa rafiki wa mwenye eneo. Mkifanya kwa siri, mtaambiwa mna njama.

Katika mkutano wa kwanza huhesabiwa waliofika. Mmoja huandika kumbukumbu. Rasimu ya katiba husomwa kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Asiyeelewa huuliza. Viongozi huchaguliwa. Wanaotaka kujiunga hutia sahihi katika orodha.

Hapa ndipo penye hofu kubwa. Orodha iko wazi, na mwenye eneo aweza kuona jina langu! Ni kweli. Hatuwezi kuwadanganya kuwa hofu hiyo ni ya bure. Lakini fikirini. Majina matatu katika karatasi ni watu watatu wa kutishwa. Majina 45 katika karatasi si rahisi kutishwa yote. Ndiyo maana wenye busara huenda kutia sahihi pamoja, siku moja, si mmoja leo na mwingine mwezi ujao.

Baada ya hapo mtunza fedha hufungua hesabu ya benki. Ni vizuri watu wawili watie sahihi kila fedha zinapotoka. Ada ikilipwa, hata ndogo, hutolewa stakabadhi. Katibu huandika barua kwa mwenye eneo, yenye tarehe, ya kueleza kuwa chama kimeundwa na kuomba kitambuliwe. Barua hupelekwa kwa rejista, na nakala hubaki katika jalada. Barua isiyo na nakala ni kama maneno yaliyochukuliwa na upepo.

CHAMA KINALETA FAIDA GANI?

Chama kikishatambuliwa, mwenye eneo hawezi tena kufanya mambo kimya kimya. Akitaka kubadili uendeshaji wa eneo, au kufanya matengenezo yatakayowagusa wakazi, lazima akishauri chama kwa maandishi. Lazima akipe siku 28 angalau. Aeleze anataka kufanya nini, na kitawagusaje wakazi, sasa na baadaye. Aseme pia chama kipeleke wapi maoni yake, na lini. Akitaka kutunga au kubadili kanuni za eneo, lazima vilevile awashauri wakazi na chama.

Tutoe mfano. Mfano huu ni wa kubuni, lakini sheria yake ni ya kweli. Tuseme eneo lina nyumba 40. Mwenye eneo anataka kujenga lango zuri la chuma mbele, lenye nguzo na taa. Wakazi hawalihitaji. Wanataka bomba linalovuja litengenezwe. Mwenye eneo anawaletea barua: "Nitajenga lango. Ni kwa faida yenu. Huenda kodi ikapanda."

Jioni ile watu wote wananung'unika. Mmoja anasema dukani, "Haiwezekani!" Mwingine anasema kwenye basi, "Huu ni wizi!" Nyumba zote 40 hazitaki lango. Lakini hakuna aliyeandika. Siku 28 zinapita. Lango linajengwa. Wakati wa kupanga kodi, mwenye eneo anaingiza gharama ile.

Je, sheria itawasaidia? Sikilizeni vizuri. Sheria inasema, gharama ya matengenezo kama hayo inaweza kuhesabiwa katika kodi ikiwa wakazi walishauriwa, na ikiwa wengi wao hawakupinga kwa maandishi. Kwa maandishi! Manung'uniko ya dukani hayahesabiwi. Machozi hayahesabiwi. Aliyenyamaza katika karatasi amehesabiwa kuwa hakupinga.

Sasa tuseme palikuwa na chama. Barua ya lango inafika. Katibu anaitisha mkutano ndani ya wiki moja. Anaeleza sheria. Kila nyumba inaandika: "Mimi, wa nyumba namba fulani, sikubaliani na jambo hili," pamoja na tarehe na sahihi. Katika nyumba 40, barua 21 zinatosha kuwa nyingi. Mwenye eneo akijenga lango lake sasa, hawezi kuingiza gharama hiyo katika kodi hivi hivi. Itabidi aende kwenye baraza, alishawishi baraza hilo. Na chama nacho kitakuwa na jalada lake mkononi, pamoja na barua zote juu ya lile bomba linalovuja. Kwani baraza hutazama pia kama eneo limeharibika.

Watu ni wale wale. Shida ni ile ile. Hasira ni ile ile. Tofauti ni barua 21.

CHAMA NACHO CHAWEZA KUHARIBIKA

Tusiseme mazuri tu. Chama nacho kina magonjwa yake.

Ugonjwa wa kwanza ni mwenyekiti kujifanya mwenye eneo wa pili. Anaamua peke yake, anajibu barua peke yake, hataki kuulizwa. Dawa yake ni katiba na kura. Uchaguzi uwe na tarehe yake katika katiba, na ufanyike tarehe hiyo.

Ugonjwa wa pili ni fedha. Si lazima mtunza fedha awe mwizi. Akisahau tu kuandika, watu wataanza kunong'ona. Dawa yake ni hesabu kusomwa kila mkutano, na daftari kufunguliwa kwa kila mwanachama.

Ugonjwa wa tatu ni usingizi. Shida ikiisha, watu hawaji tena mkutanoni. Wengine wanahama, wengine wanafariki, na orodha haitengenezwi. Siku moja mwenye eneo anaomba orodha. Kumbe wanachama walio hai pale ni nyumba 18 kati ya 40! Hawafiki nusu. Chama kimepungukiwa sharti, na viongozi hawakujua. Dawa yake ni katibu kupitia orodha mara kwa mara na kuwaendea wakazi wapya.

Ugonjwa wa nne ni kudhani kuwa chama kitafanya kila kitu. Kila mkazi ana mkataba wake na mwenye eneo. Mkataba huo lazima ausome mwenyewe. Sheria inamtaka mwenye eneo ampe mnunuzi wa nyumba mpya masharti yote kwa maandishi, siku 28 kabla ya kukubaliana, isipokuwa mnunuzi mwenyewe akubali kwa maandishi muda mfupi zaidi. Siku hizo ni za kusoma. Ni siku za kumwuliza anayejua. Si siku za kuweka karatasi juu ya kabati.

TUMALIZE

Ndugu zetu, tulisema mwanzo kuwa mtaona wenyewe. Wazee wale wa Uingereza wengi wamesoma tangu utoto. Hata hivyo wengine wamepoteza haki zao, si kwa kutojua kusoma, bali kwa kutoandika. Walijua herufi, lakini walinyamaza katika karatasi.

Sisi tumejifunza kusoma tukiwa watu wazima. Tumejifunza kwa taabu, baada ya shamba, baada ya kupika. Taabu hiyo isiishie katika kuandika jina tu. Kalamu inafanya kazi hasa pale inapoandika: "Sikubali, na sababu yangu ni hii." Inafanya kazi zaidi pale majirani 20 wanapotia sahihi chini ya maneno hayo.

Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Nasi tunaongeza neno dogo: umoja ulioandikwa ndio unaosikilizwa barazani.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkazi wa nyumba ya kuhamishika hawezi kuondoka kwa urahisi kama mpangaji wa chumba?

2. Eneo lina nyumba 70. Ni nyumba ngapi lazima ziwe wanachama ili nusu itimie?

3. Kwa nini sheria inamkataza mfanyakazi wa mwenye eneo kuwa mwanachama?

4. Katika mfano wa lango, wakazi wote walichukia. Walikosea wapi?

5. Andika barua fupi ya kupinga lango lile. Weka tarehe, namba ya nyumba, sababu moja na sahihi. Kisha isome mbele ya wenzako.